Jinsi ya kukusanya na kuhesabu zuplanktoni kwenye maziwa ya bonde la Rufiji

Chota maji ya ziwa Utunge asubuhi kwa glasi safi, yainue kuelekea jua, kisha tulia kidogo. Utaona kama vumbi jeupe ndani yake. Vumbi la kweli huzama taratibu, lakini hili linaruka, linasimama, linaruka tena. Hao ndio zuplanktoni, wanyama wadogo wa majini wasio na nguvu ya kushindana na mkondo. Kifaranga cha perege kikishamaliza kiini cha yai lake huanza maisha kwa kuwala hao. Anayetaka kujua habari za samaki wa msimu ujao ana kila sababu ya kuhesabu vumbi hilo leo.

Mwongozo huu nauandika kwa wanafunzi, walimu wa sayansi, maofisa uvuvi wa kata na wavuvi wenyewe. Nimechagua Rufiji kwa sababu maziwa yake, Utunge, Ruwe, Zumbi, Mtanza, Uba na wenzao hadi Tagalala na Manze kule ndani ya hifadhi, hayaishi kwa mvua inayoyanyeshea peke yake. Yanaishi kwa mto. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, Rufiji hupanda, maji hupita kwenye mifereji ya asili na kuingia ziwani, kisha hurudi mtoni na kuacha tope jeusi ambalo watu hulima mlao, yaani kilimo cha baada ya mafuriko, juu yake. Tangu tarehe 22 Desemba 2022, Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa, mafuriko hayo hayafuati mvua tu, yanafuata pia milango ya bwawa. Aprili 2024 maji yaliingia mashambani na vijijini Rufiji na Kibiti. Ni mto uleule, lakini mwendo wake unabadilika, na wa kwanza kuonyesha mabadiliko hayo ni viumbe ambao kizazi chao kinapimwa kwa siku, wala si kwa miaka.

Jambo moja nataka ulishike kabla hujanunua hata chupa. Hesabu ya siku moja haina thamani kubwa. Yenye thamani ni hesabu iliyochukuliwa kwa namna ileile, mahali palepale, saa ileile, mwezi baada ya mwezi. Ni heri ziwa moja kwa mwaka mzima kuliko maziwa kumi kwa wiki moja.

Hatua ya 1: Ruhusa, mtumbwi na usalama

Anza na serikali ya kijiji na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU, kama kipo. Eleza unachotafuta na uonyeshe vifaa vyako, maana mtu mwenye wavu wa tundu dogo ziwani hutiliwa shaka, na ni haki. Kwa utafiti rasmi utahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kwa maziwa yaliyo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere hakuna njia ya mkato, utapitia TANAPA, wasimamizi wa hifadhi za taifa, na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori.

Kisha tafuta mwenye mtumbwi anayelijua ziwa. Usiende peke yako, wala usiende na kijana mwenzako ambaye ujuzi wake ni kuogelea tu. Mamba na viboko wapo. Mzee niliyefanya naye kazi kwa misimu miwili alikuwa akigonga ubavu wa mtumbwi kwa pondo kila tulipokaribia matete, kisha anasikiliza. Siku moja aligonga, akasikiliza, akageuza mtumbwi bila kusema neno. Tulipofika mbali ndipo akaniambia, "Mwanangu, pale leo pana mwenyewe." Kituo kile hatukukichukua mwezi huo, na kwenye daftari niliandika hivyohivyo: hakikuchukuliwa, viboko. Nafasi tupu yenye sababu yake si aibu.

Usisimame majini miguu mitupu. Kichocho kipo maeneo haya, na konokono wanaokibeba hupenda kingo zenye majani, palepale unapotaka kuchota. Vaa gambuti ndefu au chotea mtumbwini.

Hatua ya 2: Vifaa

Kifaa kikuu ni kitambaa cha nailoni cha kuchujia chenye tundu la mikromita 50 hadi 60, ambalo ni jembamba kuliko unywele wa mtu. Chandarua hakifai hata kidogo, kwa kuwa tundu lake linazidi milimita moja na karibu wote unaowatafuta watapita. Wauzaji wa vifaa vya maabara wana kitambaa hicho, na kipande cha sentimita 30 kwa 30 kinatosha kuanzia.

Huhitaji wavu wa bei kubwa. Kata kitako cha jagi la plastiki, tandaza kitambaa chini yake kikakamae, kigandishe kwa gundi isiyoachia majini, na upitishe mpira imara kukizunguka. Hilo ndilo chujio lako. Ongeza ndoo ya lita 10 yenye mstari wa ujazo, chupa za mililita 50 au 100 zenye kifuniko kinachobana, bomba la sindano la mililita 10, kipimajoto, na kamba iliyofungwa mafundo kila sentimita 10. Ukiweza kuazima kipimo cha oksijeni na cha pH (uchachu wa maji), vizuri sana.

Sahani ya Secchi, ya kupimia uwazi wa maji, unaitengeneza mwenyewe: duara la sentimita 20 lililogawanywa robo nne, mbili nyeusi, mbili nyeupe, na uzito chini yake ili lizame likiwa limelala sawa.

Lebo ziandikwe kwa penseli, kwenye karatasi ngumu. Nasisitiza penseli kwa sababu mwaka wangu wa kwanza niliandika kwa kalamu ya wino juu ya chupa 18. Spiriti ikavuja kutoka kwenye moja, na nilipofungua kasha jioni nilikuta chupa 18 zenye madoa ya bluu. Sikuweza kujua ipi ni ya ukingoni na ipi ni ya katikati. Safari nzima ilipotea. Tangu hapo lebo moja naitia ndani ya chupa na nyingine naibandika nje, zote za penseli.

Hatua ya 3: Chagua vituo na saa

Ziwa la bondeni, hata likiwa dogo, lina makazi tofauti ndani yake. Weka angalau vituo vitatu: maji wazi katikati, ukingo wenye majani na magugu maji, na mdomo wa mfereji unaoliunganisha ziwa na mto. Ukichanganya maji ya vituo hivyo kwenye chupa moja utapata wastani usio wa mahali popote. Kwenye majani utakutana na rotifa (wenye taji la vinyweleo kichwani) wa jamii ya Lecane, na kladosera (wenye mwili ndani ya magamba mawili angavu) wanaotambaa, wale wa familia ya Chydoridae. Katikati utakuta wanaoelea, kama rotifa Brachionus na kladosera Diaphanosoma. Mdomoni pa mfereji ndipo unaposoma mto unaleta nini.

Saa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Zuplanktoni wengi hushuka chini au kujificha majanini mchana, samaki wasiwaone, na hupanda juu usiku. Mimi huchukua kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi, siku zote. Ukienda saa 3 asubuhi mwezi huu na saa 11 jioni mwezi ujao, utakuwa umepima mwendo wa jua ukidhani umepima ziwa.

Andika na umri wa mwezi angani. Wavuvi wa dagaa hawahitaji kufundishwa hili, kwani karabai hung'aa kwa faida siku za giza. Mwaka 1986 mtafiti Gliwicz alieleza jambo la namna hiyo kwenye bwawa la Cahora Bassa huko Msumbiji. Siku chache baada ya mwezi mpevu, zuplanktoni walikuwa wakipanda juu gizani mara jua linapozama, kisha mwezi ukachomoza ghafla na samaki wakawaona wote. Idadi yao ikashuka sana, kila mzunguko wa mwezi. Samaki waliokuwa wakiwala ni jamii ya dagaa wa Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo kama mwezi huu umechukua siku tatu kabla ya mwezi mpevu na mwezi ujao siku tano baada yake, usishangae tofauti, na usilitupie lawama Bwawa la Nyerere.

Hatua ya 4: Pima maji kabla ya kuyavuruga

Ukifika kituoni acha mtumbwi utulie. Zamisha sahani ya Secchi upande wa kivuli, soma kina inapopotea, ivute polepole, soma inapoonekana tena, kisha chukua wastani wa namba hizo mbili. Pima joto, oksijeni, na kina hadi chini. Angalia rangi ya maji na uiandike kwa maneno yako mwenyewe: mekundu ya udongo, kijani cha mwani, ya chai kwa majani yaliyooza. Maneno hayo yatakusaidia baadaye kuliko unavyotarajia.

Hatua ya 5: Chota na uchuje

Kwenye ziwa la kina cha mita moja au mbili, wavu wa kuvutwa kutoka chini kwenda juu unaleta tabu. Unatifua tope, matundu yanaziba, na hujui tena ni lita ngapi zimepita. Ndoo ni bora. Izamishe taratibu mpaka kiasi cha sentimita 30, ijaze, ipandishe, na uimimine kidogo kidogo kwenye chujio lililoshikwa nje ya maji. Usimimine kwa kishindo, maana wanyama laini watapasuka. Rudia mara tano, upande mmoja wa mtumbwi na mwingine, upate lita 50.

Maji yakiwa mazito kwa tope, chujio litaziba kabla hujafika 50. Usilikung'ute wala usilikande kwa vidole. Simama hapo, andika lita zilizopita, na hesabu itarekebishwa baadaye.

Sasa ni kuwahamisha. Inamisha chujio, rushia maji yaliyochujwa kutoka upande wa nje kwa bomba la sindano, wanyama wateleze hadi pembe moja, kisha wamwage chupani. Rudia mara tatu. Fikisha ujazo wa mililita 45, usizidi. Kati ya kituo na kituo suuza chujio kwa maji mengi, na kati ya ziwa na ziwa lioshe kwa maji safi ya bomba. Kulianika tu hakutoshi, kwa kuwa mayai ya baadhi ya wanyama hawa huvumilia ukavu.

Hatua ya 6: Watazame wakiwa hai

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Chukua chupa moja ya ziada, usitie dawa, na uitazame kwa hadubini siku hiyohiyo. Ukuzaji wa mara 40 unatosha kuanzia, na mara 100 kwa rotifa.

Rotifa utamjua kwa taji la vinyweleo kichwani vinavyopiga kwa zamu mpaka unadhani ni magurudumu mawili yanayozunguka. Brachionus ana gamba la kioo lenye miiba mbele, na mara nyingi jike hubeba mayai nyuma. Kladosera ana jicho moja kubwa jeusi na mwili ulioingia ndani ya magamba mawili angavu. Nyamaza umtazame: mgongoni, nyuma ya kichwa, moyo wake unapiga, na ukihesabu utachoka kabla yake. Kopepodi ana umbo la chozi na antena mbili, naye ndiye yule arukaye kwenye glasi. Watoto wake, nauplio, ni kama kupe wadogo wenye jozi tatu za miguu. Wahesabu peke yao, kwa sababu wingi wao unakuambia kopepodi wanazaliana sasa au la.

Ukimwona kladosera mwenye mwiba mrefu kichwani na mwingine mrefu mkiani, karibu urefu wa mwili wake, huenda ni Daphnia lumholtzi. Ni mwenyeji wa Afrika, Asia na Australia, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 aligunduliwa kwenye maziwa ya Texas, Marekani, alikofikishwa na shughuli za watu. Miiba hiyo ndiyo inayowafanya samaki wadogo wamteme.

Rotifa wasio na gamba hujikunja wakitiwa dawa wakawa kama donge lisilo na jina. Ndiyo maana unawatambua wakiwa hai, au kwanza unawalaza kwa maji ya soda yasiyo na sukari: kiasi kidogo chupani, subiri dakika chache mpaka walegee, kisha uhifadhi.

Hatua ya 7: Hifadhi

Kwenye mililita 45 za sampuli ongeza mililita 5 za formalini ya dukani, ile ya asilimia 37 hadi 40. Tia na nusu kijiko cha chai cha sukari. Sukari hiyo huzuia magamba ya kladosera yasivimbe na mayai yasimwagike. Formalini ni sumu na mvuke wake unadhuru: vaa glavu, fanyia kazi penye upepo, na usiwape watoto wa shule waimimine. Shuleni natumia spiriti. Wachuje tena wanyama, warudishe kwenye mililita 10 za maji, ongeza mililita 30 za ethanoli ya asilimia 95, utapata mchanganyiko wa asilimia 70 hivi. Kama unafikiria vipimo vya DNA siku za mbele, tumia ethanoli tu, kwa kuwa formalini huviharibu.

Hatua ya 8: Hesabu

Uzuri wa vipimo nilivyokupa ni huu: lita 50 za ziwa zimeingia ndani ya mililita 50 za chupa, kwa hiyo mililita moja chupani ni lita moja ya ziwa. Pindua chupa polepole mara kadhaa, usiitikise, vuta mililita moja kwa kitonesha chenye mdomo mpana, na uimimine kwenye bamba la kuhesabia, lile la urefu wa milimita 50, upana 20 na kina 1. Bamba hilo kama huna, chora miraba kwa sindano chini ya kisahani cha plastiki. Hesabu wote, kundi kwa kundi. Fanya hivyo mara tatu. Tuseme umepata 62, 55 na 63: wastani ni 60, yaani wanyama 60 kwa lita.

Kama ulichuja lita 30 tu, kila mililita inabeba lita 0.6. Ukihesabu 54, gawanya kwa 0.6, jibu ni 90 kwa lita. Aliyesahau kuandika lita 30 ataandika 54 na kusema ziwa limepungukiwa. Kama sampuli zako ni za spiriti, ujazo ni mililita 40, kwa hiyo zidisha wastani wako kwa 40 kisha ugawanye kwa lita ulizochuja.

Hesabu tatu zikipishana sana, pindua tena na uanze upya. Jitahidi ufikishe angalau wanyama 200 kwa sampuli kabla hujasema kundi fulani halipo.

Hatua ya 9: Soma daftari pamoja na mto

Mwaka 1989 Junk, Bayley na Sparks walitoa wazo kwamba uhai wa mito ya aina hii unaendeshwa na kupanda na kushuka kwa maji, kama mapigo. Kwenye daftari utaliona hivi. Mafuriko yanapoingia, maziwa jirani huanza kufanana, maana mto unayachanganya yote, na idadi kwa lita inaweza kushuka kwa sababu tu maji yameongezeka. Tope likiwa jingi, kladosera huteseka zaidi, kwani huchuja bila kuchagua na kumeza udongo, huku rotifa wengi wakistahimili vizuri zaidi. Mzee wa mtumbwi aliniambia hayo kwa lugha yake: "Maji yakija mekundu usiulize samaki, subiri yatulie." Maji yakitulia na sahani ya Secchi ikionekana kwa kina zaidi, rotifa hulipuka kwa siku chache, kladosera hufuata, kopepodi huchukua wiki kadhaa. Maziwa yakitengwa na mto, kila moja linashika njia yake.

Bwawa la juu ya mto kwa kawaida hulituliza tope na kuutoa mto ukiwa mweupe kuliko ulivyoingia. Kwa hiyo weka safu mbili kwenye daftari: je, mfereji ulikuwa unapitisha maji siku hiyo, na je, yalikuwa yakiingia au yakitoka? Bila safu hizo huwezi kutenganisha kazi ya mto na kazi ya samaki walao zuplanktoni.

Hatua ya 10: Amsha tope

Hii ni ya mwisho wa kiangazi, na watoto wa shule huipenda. Nenda kwenye ukingo uliokauka, chukua tope la juu, sentimita mbili tu, na ulikaushe kivulini mpaka livunjike mkononi. Ndani yake mna mayai ya rotifa na kladosera yaliyolala yakisubiri maji. Tandaza tope hilo kwenye beseni, mimina maji ya mvua yaliyopita kwenye chujio lako, funika kwa kitambaa ili mbu wasitage. Beseni la pili lijaze maji yaleyale bila tope, liwe la kulinganishia.

Chungulia kila siku kwa wiki mbili kwa tochi. Siku za mwanzo hakuna kitu, ni maji ya chai tu. Kisha asubuhi moja, karibu na kona yenye mwanga, kitu kidogo kuliko punje ya chumvi kitaruka. Vuta tone, liweke chini ya hadubini, andika siku ya ngapi, ni wa kundi gani, na tope lilitoka umbali wa hatua ngapi kutoka kwenye mfereji. Mwaka ujao chukua tope palepale, na kama mafuriko hayakufika, andika hilo juu ya ukurasa kabla ya namba nyingine yoyote.